Mkono wa Bernadeta Kwenye Breki

Ukimsikia mtu wa hapa Boko anasema breki ya tela la boti iliharibiwa na mkono wa mwanamke, muulize yeye alikuwa wapi siku hizo. Mie nilikuwepo. Nyumba yangu iko kwenye mteremko wenyewe, pale njia ya ushirika inapokata kwenda pwani, na yote yaliyotokea yalipita mlangoni kwangu, mengine yakaingia hadi ndani. Nitaeleza ilivyokuwa. Nikikasirika katikati mnivumilie, maana hasira yenyewe bado haijanitoka.

Da Bernadeta si ndugu yangu wa damu, ni jirani. Alikuja mjini kutoka pande za Ndanda akimfuata mumewe. Mume akafanya kazi bandarini kidogo, halafu akaondoka kama wengine wanavyoondoka, akisema naenda dukani narudi, na hajarudi mpaka leo. Bernadeta hakumlilia mbele za watu. Aliposikia Boko wanaandikisha watu wa kijiji cha ujamaa akaja na godoro lake kichwani, akapewa kiwanja, akajenga mwenyewe. Ni mwanamke mrefu, mkavu, hacheki ovyo, na viganja vyake ni vipana kuliko vya mume wangu Albano, ambaye kazi yake ni kubeba saruji kiwandani. Mtoto wangu Felicitas alizaliwa nyumbani kwa sababu gari la kunipeleka hospitali lilichelewa, na aliyempokea ni da Bernadeta. Nilimwona mwanangu kwa mara ya kwanza akiwa amelala kwenye kiganja cha huyo mama, kichwa kwenye vidole, miguu kwenye kifundo cha mkono. Kwa hiyo mtu akiusema vibaya mkono ule mbele yangu ajue anaongea na nani.

Ushirika wetu ulikuwa na boti moja ya mbao, kubwa, yenye injini. Kuiacha pwani haikuwezekana. Ufukwe wa upande wetu ni mawe matupu, bahari ikichafuka chombo kinapondwa, na wezi wa injini nao hawalali. Basi kila jioni trekta la kijiji liliipandisha boti juu ya tela hadi ofisini, karibu na barabara ya Bagamoyo, na kila alfajiri likaiteremsha. Tela lenyewe lilitoka kwenye shamba la mkonge, la zamani sana. Breki yake haikuungana na trekta. Palikuwa na chuma kirefu kimesimama pembeni, ndio mkono wa breki, na ilibidi mtu akae huko juu kwenye kibao, macho kwa dereva. Dereva akiinua mkono wa kushoto, wa juu anavuta. Akiushusha, anaachia. Kuitana kwa mdomo hakuna, trekta lina kelele zake.

Wanaume waliikataa kazi hiyo. Walisema ni kubebwa kama gunia la nazi, tena nyuma ya mwanamume mwenzako. Wakawa wanapanda kwa zamu, leo huyu kesho yule, mwingine anapanda na usingizi wake. Siku moja tela likalisukuma trekta mpaka kwenye mihogo ya ushirika. Da Bernadeta alikuwa anatoka kisimani. Akatua ndoo, akadandia, akauvuta mkono wa breki kwa uzito wake wote, tela likasimama. Gozbert, dereva wetu, Mhaya mwenye maneno yake, akashuka akasema, "Kuanzia leo trekta hili silipandi bila huyu mama nyuma yangu. Hata mkiniletea bibi harusi, nyuma yangu namtaka huyu."

Kazi ile ilimpa da Bernadeta kitu ambacho wengi hawakukiona. Zamani aliitwa yule mke aliyeachwa. Sasa mkutanoni aliitwa kwa jina. Samaki wakigawiwa alisimama na watu wa boti, hakusimama na wale wa kusaidiwa. Nilimwonaga akirudi jioni, kanga imefungwa kiunoni kwa fundo la kiume, anatembea katikati ya njia. Zamani alikuwa anapita pembezoni.

Kila kitu cha chuma kina mwisho wake. Breki ikaisha, ikawa anavuta hadi anasimama wima na tela linateleza bado. Ni yeye aliyemfuata mwenyekiti mpaka akachoka naye, hadi tela likapelekwa karakana moja ya umma kule Chang'ombe. Sitaitaja. Likakaa huko wiki kadhaa, boti ikalala, tukala kisamvu mpaka watoto wakawa wanakikimbia. Hatimaye likarudi, limepakwa rangi mpya ya kijani.

Alfajiri ya kwanza nilidhani kuna mtu anauawa. Sauti ilianza nyembamba, kama kijiko kinachokwangua sufuria, ikapanda, ikapanda tena, ikawa yowe la kupasua masikio, na likadumu mteremko mzima kwa sababu mteremko mzima unataka breki. Felicitas akashtuka akalia hadi akapaliwa. Nikamfunga mgongoni, nikaenda kuwasha moto jikoni, maana kulala tena haikuwezekana. Ikawa ndio saa yangu. Kila alfajiri tela likipiga yowe, mtoto analia, naenda kwenye banda la jiko.

Kijiji kizima kiliamshwa. Na watu wakiamshwa hawamtafuti aliyefunga breki vibaya Chang'ombe, wanamtafuta aliye karibu. Kisimani Hamisa, ambaye ulimi wake haujawahi kukaa ndani ya mdomo, akaanza.

"Da Bernadeta, leo alfajiri ulikuwa unachinja nini?"

"Nimechinja usingizi wako, Hamisa. Njoo uchukue utumbo."

Watu walicheka, na Hamisa mwenyewe akacheka. Lakini jina likabaki, Mama Yowe. Watoto wakawa wanalikimbiza tela wakiiga sauti ile. Da Bernadeta aliangalia mkono wa dereva tu, kama hasikii. Alikuwa anasikia. Jioni alinisaidia kutwanga, akatwanga mpunga mpaka ukawa unga.

Ushirika ukaamua tela lirudi karakana. Mama yangu mzazi anakaa Temeke, alikuwa hajamwona mjukuu, nikaomba kupanda. Nikakaa na da Bernadeta juu ya tela tupu, mtoto mapajani. Tegeta watu walitoka madukani kutuangalia. Kila Gozbert alipopunguza mwendo, yowe, na kila yowe nilimziba Felicitas masikio kwa kanga. Tulipofika mjini nilikuwa naona aibu hata ya kuinua uso. Da Bernadeta alikuwa ameuinua wake.

Msimamizi wa karakana alikuwa mtu wa makamo, ovaroli lake safi kuliko ya mafundi wake wote. Hakuinuka kwenye kiti.

"Mmerudi?"

"Tumerudi, ndugu," da Bernadeta akajibu. "Breki inalia."

"Inashika?"

"Inashika, lakini inalia."

"Sasa mama, unataka ishike imenyamaza? Mtoto ukimfinya halii?" Mafundi wakacheka.

"Mtoto akilia kila siku, mama yake anamvua nguo aone kinachomuuma. Fungueni gurudumu muangalie."

"Sie tukishafunga tumefunga." Akamgeukia Gozbert kama vile da Bernadeta ameyeyuka. "Nani anavuta hiyo breki?"

"Huyo uliyekuwa unaongea naye," Gozbert akasema.

"Ahaa. Basi mmejibiwa. Mwanamke akiuona mteremko moyo unaruka, anavuta mapema, anavuta nusunusu, chuma kinasuguana. Wekeni mwanamume, kelele itakwisha."

Da Bernadeta akamuuliza, pole pole, "Karakana hii ya nani?"

"Ya umma."

"Na sie ni nani?"

Akaangalia saa yake. "Mama, nina malori ya chakula pale nje." Akaenda zake kunywa chai. Niliyaona hayo malori. Moja lilikuwa limeota majani chini.

Nilitaka kusema kitu. Lakini mtoto alikuwa ananyonya, na ukiwa na mtoto kifuani watu kama wale hawakusikii, wanaona ziwa tu. Nikabaki kuangalia. Pembeni fundi mmoja amekaa chini, anakata kipande cha breki ya lori kwa msumeno wa chuma ili kienee kwenye gurudumu dogo. Akikata vibaya anakiangalia, anakitupia kwenye ndoo ya vilivyo tayari. Sikujua maana yake siku ile, ila nilijua nimeona mtu asiyejali.

Maneno ya msimamizi yalitutangulia kufika Boko. Tulivyofika, mwenyekiti wetu Jabiri alikuwa ameshayapokea kutoka kwa mtu aliyekuja na lori la saruji. Jabiri si mtu mbaya. Ana sauti nzuri ya mkutanoni, na wakati wa njaa aligawa mtama wake mwenyewe. Ila anawaogopa wakubwa wa wilaya kuliko anavyoiogopa bahari, na wakubwa hao walikuwa wanakuja kuangalia ushirika wa mfano. Hakutaka wakaribishwe na yowe. Akaitisha mkutano barazani pa ofisi. Siku hiyo Gozbert alikuwa ametumwa Tegeta kutafuta dizeli, hakuwepo, na hilo mlikumbuke.

"Ndugu wananchi," Jabiri akaanza, "wataalamu wa karakana wametuambia breki ni nzima. Kasoro iko kwenye mkono."

"Mkono gani, mwenyekiti?"

"Mkono unaovuta."

Wote wakamwangalia da Bernadeta. Mwenyekiti akasema shemeji yake Fransis amejitolea kushika breki, kwa moyo wa kujenga taifa. Fransis huyohuyo zamani alisema hakai juu ya tela hata akilipwa kwa ng'ombe. Sasa wageni wanakuja, na wapiga picha labda.

Kisha akainuka fundi Kornelio, anayetutengenezea boti, mzee anayeheshimika. "Mie breki sizijui, lakini najua vitu. Kitu kinacholia kina kiu. Mlango ukilia, mafuta. Usukani wa boti ukilia, mafuta. Nina mafuta ya papa pipa zima. Boti naipaka mwaka wa ngapi huu, na haijawahi kunilalamikia."

Watu wakafurahi. Ilikuwa rahisi, ilikuwa bure, na ilikuwa yetu. Mafuta ya papa hapa yanapakwa mbao, kamba, ngozi ya ngoma, hata miguu ya wazee. Nani angeyatilia shaka.

Da Bernadeta akasimama. "Ndugu mwenyekiti, shikamoo yako. Mie sijui kama mafuta ni mazuri au mabaya. Nasema kitu kimoja. Mmesema kosa ni mkono wangu. Sawa. Basi kesho Fransis ashike breki, na msipake kitu. Ikinyamaza, mkono wangu ulikuwa na kosa, nitashuka na hamtanisikia tena. Lakini mkinitoa mie na kupaka mafuta siku hiyohiyo, ikinyamaza mtasema ni mkono. Na mie nitabaki na jina hilo mpaka nife."

Nilidhani wamesikia. Mtoto mdogo angeelewa hesabu ile.

"Dada Bernadeta," Jabiri akasema kwa ile sauti yake nzuri, "hapa hatuko mahakamani. Tunataka tela linyamaze. Wanaokubali yote mawili?"

Mikono ikainuka kama shamba la mkonge. Kornelio, Fransis, Hamisa, watu aliowapelekea kuni walipougua, watu waliokula samaki walioteremka salama kwa sababu yake. Nilikuwa naangalia mkono mmoja mmoja, na kila mkono niliujua umeshawahi kupokea nini kutoka kwake.

"Wanaopinga?"

Nikamhamishia Felicitas begani nikainua wangu. Albano alikuwa zamu kiwandani. Nilikuwa peke yangu, maana da Bernadeta mwenyewe hakuinua. Alikuwa ameshatoka.

"Mama Feli, wewe unapinga maendeleo?"

"Napinga uonevu, mwenyekiti."

"Andika uamuzi umepita," akamwambia karani.

Jioni hiyo Kornelio alipaka, kwa brashi yake kubwa ya boti, magurudumu yote mawili, kila tundu lililoweza kuingia mafuta. Gozbert alirudi na dizeli akaenda kulala. Hakuna aliyemwambia. Mie sikujua kama hajui, na da Bernadeta alikuwa amejifungia. Alfajiri alipomkuta Fransis juu ya kibao akauliza nani kasema, akaambiwa mkutano, na siku hizo mkutano ukishasema, anayebisha anaitwa majina mengine. Akawasha.

Sasa sikilizeni. Kila siku tela ndilo lililoniamsha niende jikoni. Siku ile halikulia. Nililala, mtoto kifuani, usingizi mtamu ambao nilikuwa sijaupata tangu tela lirudi. Nilichosikia si yowe, ni watu wanapiga kelele, halafu mshindo, halafu nyumba ikatikisika na vumbi likaanguka kutoka kwenye makuti.

Nikatoka na mtoto. Banda langu la jiko halikuwepo. Mahali pake palikuwa na boti. Ilikuwa imeserereka kutoka kwenye tela ikaingia kichwa kwanza, imekaa juu ya mafiga, vyungu vimesagika chini yake, na pale ninapokaaga kwenye kigoda nikichochea moto na Felicitas mgongoni, ndipo ubao wa mbele ulipokuwa. Trekta lilikuwa limelala kwenye mihogo, gurudumu la mbele linazunguka bado. Fransis alikuwa ameruka akavunjika mguu, anaugulia njiani. Gozbert ametoka damu kwenye paji, anamfuata Fransis badala ya kujiangalia mwenyewe, anamuuliza, "Nimeinua mkono, hukuniona?"

"Nimekuona. Nimevuta. Nimevuta mpaka mwisho, hakuna kitu, kama navuta upepo."

Da Bernadeta alifika wa kwanza. Hakuangalia boti wala trekta. Alininyang'anya mtoto, akamgeuza, akampapasa kichwa, mbavu, miguu, kama siku ile alipompokea. Akanirudishia. Ndipo nikakaa chini.

Jabiri akaja anahema. "Tumshukuru Mungu hakuna aliyekufa," akasema. Halafu akaongeza, "Fransis naye hana uzoefu."

Sikujua kama nina sauti ile. "Mwenyekiti, njoo uingie jikoni kwangu."

"Mama Feli, tulia."

"Ingia. Karibu chai."

Akawa anaangalia chini. Nikamwambia kigoda kile palepale ndipo ninapokaa, saa hiihii, na mtoto, na kama tela lingenyamaza siku ambayo nimeamka mwenyewe, leo mngeitisha mkutano kuamua nani achimbe kaburi. Aliyasikia yote.

Gozbert alikuwa ameinama kwenye gurudumu la tela. Akapitisha kidole, akanusa. "Nani kapaka papa hapa?"

Kornelio akasema, "Mkutano."

"Mkutano una brashi?"

Mzee wa watu akainamisha kichwa. Simlaumu sana Kornelio. Alitoa alichokijua. Nawalaumu waliojua breki kuliko yeye na hawakufungua gurudumu, na nawalaumu waliosikia hesabu nyepesi wakaikataa kwa sababu aliyeisema anavaa kanga.

Gozbert akalifungua gurudumu palepale uani kwangu, watu wamezunguka. Ndani kuna ngoma ya chuma, na vile vipande vyeusi vinavyoibana hiyo ngoma breki ikivutwa. Vilikuwa vimelowa mafuta, vinang'aa. Vilikuwa vipande vya lori, vimekatwa kwa msumeno, upande mmoja mrefu upande mmoja mfupi, na ribiti, ile misumari mifupi iliyovishikilia, zilikuwa zimetokeza vichwa nje. Kila breki ilipovutwa zilikuwa zinaichimba ile ngoma. Ilikuwa na mifereji pande zote, unaweza kuingiza ukucha. Ndiyo iliyokuwa inapiga yowe. Hata angevuta malaika.

Watu waliiangalia ile mifereji. Hakuna aliyemwangalia da Bernadeta. Mmoja mmoja wakakumbuka wana kazi nyumbani.

Wakubwa wa wilaya walikuja wakapelekwa kwenye mahindi. Walipopita kwetu mmoja akauliza boti inafanya nini jikoni kwa mtu, Jabiri akasema iko matengenezoni. Nilikuwa nimesimama mlangoni. Nikacheka, kicheko kibaya, yule mgeni akaniangalia, Jabiri akamwonyesha kitu kingine mbali.

Gozbert alivichoma vile vipande motoni kutoa mafuta, akaviosha kwa mafuta ya taa, akazididimiza ribiti kwa msumari na nyundo kadiri alivyoweza. Watu wakaisukuma boti ikatoka jikoni, ikarudishwa kwenye tela, tela likapelekwa ofisini. Breki ikawa inashika tena. Bado ililia, maana ngoma ilishachimbika na spea hakuna nchi nzima. Kilichokosekana ni mtu wa kuivuta.

Jabiri akaja kwa da Bernadeta, mie nipo, tunachambua mboga.

"Dada Bernadeta, basi, rudi kazini. Tusahau yaliyopita."

Alisema vile kama yeye ndiye anayesamehe. Nikaweka kisu chini nisije nikakosea.

"Nani aliniondoa?" da Bernadeta akamuuliza.

"Mkutano."

"Basi mkutano unirudishe. Na kabla ya kunirudisha useme kwamba mkono wangu haukuwa na kosa. Barazani palepale, kwa mikono ileile."

"Hilo ni jambo dogo, halihitaji mkutano."

"Kuniondoa lilihitaji."

Jabiri akasema mkutano hauwezi kujigeuka, watu wataudharau. Da Bernadeta akaendelea kuchambua mboga. Jabiri akaondoka.

Wakatafuta mwingine. Mmoja akasema mgongo unamuuma, mmoja mke wake kamkataza, mmoja akapanda, akakiangalia kile chuma, akaliangalia jiko langu huko chini, akashuka. Boti ikalala. Kisamvu kikarudi. Jabiri akawa anapita mbali na njia ya kwetu. Na da Bernadeta alikuwa anakula kisamvu kama wengine, tena yeye hana mume wala mtoto wa kumletea kitu. Niliogopa atachoka kabla yao. Usiku akila kwetu nilimwona alivyopunguza sima, akawa anamwambia Albano, "Mpe mama Feli anayenyonyesha," kama vile mie simo humo ndani.

Aliyekata shauri ni Hamisa, tena si kwa wema. Kisimani akasema, "Mie nataka samaki. Kama dawa ni kuinua mkono, tuinue. Mkono kupanda haulipi nauli." Akazunguka nyumba kwa nyumba na ulimi ule, akiwaambia wanawake waume zao watakula majani mpaka wahare kijani kwa sababu ya aibu ya mtu mmoja. Mkutano ukaitishwa bila Jabiri kutaka.

Jabiri akasimama barazani. Ile sauti nzuri haikutoka. "Kuna azimio," akasema, "kwamba... kwamba kasoro haikuwa kwenye mkono."

"Mkono wa nani?" Gozbert akauliza. Safari hii alikuwepo, kitambaa kwenye paji.

"Mkono wa dada Bernadeta."

"Endelea."

"Kwamba mkono wa dada Bernadeta haukuwa na kosa, na anarudi kwenye breki. Wanaokubali?"

Mikono ikainuka yote. Wa Kornelio wa kwanza. Fransis akainua kutoka kwenye kitanda cha kamba alichobebewa. Nikaangalia wa mwenyekiti. Alikuwa ameshika ukosi wa shati lake. Da Bernadeta naye alikuwa anamwangalia, na hakukaa chini, na watu wote wakabaki na mikono juu wakingojea, hadi ule mkono ukaachia ukosi ukapanda.

Da Bernadeta hakushukuru. Akasema, "Sasa, ndugu mwenyekiti, tela linarudi Chang'ombe. Wakubadilishie ile ngoma au wakueleze kwa nini hawawezi. Na mie siendi kusimama nje tena. Utapanda, uongee nao wewe."

"Tutaangalia."

"Tutaangalia kesho."

Asubuhi nilipanda hadi ofisini na mtoto mgongoni, nikaone kwa macho yangu. Jabiri alikuja na koti. Akazunguka tela, hajui akae wapi. Da Bernadeta alikuwa ameshakaa kwenye kibao chake. Akamwonyesha kwa kidole ubao wa chini, juu kabisa ya gurudumu lililochimbika. Akapanda, akakunja miguu.

Gozbert akaondoa trekta. Pale njia inapoingia barabara ya Bagamoyo lilikuwa linapita lori la mawe. Akainua mkono wa kushoto. Da Bernadeta akavuta.

Mwenyekiti alishika masikio kwa mikono yote miwili, akamgeukia da Bernadeta akamwambia kitu, sijui nini, labda alimwomba alegeze. Lori lilikuwa refu. Da Bernadeta akaendelea kuangalia mkono wa dereva, akashikilia vilevile, mpaka lori lote lilipopita.